Kupima barabara ya lami bila kuichimba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ambayo wahandisi wa halmashauri, madiwani, makandarasi wadogo na wananchi huyarudia kila panapotajwa upimaji wa barabara kabla ya matengenezo. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini vifaa na kanuni ni zilezile Kenya, Uganda na kwingineko penye jua kali na mvua za msimu. Pale jibu moja linapotegemea lingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kupima bila kuchimba maana yake nini hasa?

Ni kuijua hali ya barabara, ya juu na ya chini, bila kukata lami wala kufungua shimo la majaribio. Njia ya zamani ni kuchimba shimo kando au katikati ya njia, kuchukua kifusi cha kila tabaka, kukipeleka maabara na kusubiri majibu. Shimo husema kweli, ila husema habari za pale lilipo tu. Mita mia mbele mkandarasi huenda alichukua kifusi cha machimbo mengine, au tuta lilipita juu ya kijito cha zamani.

Vipimo visivyochimba hufanya kinyume chake. Kila pointi inaeleza machache, lakini pointi ni nyingi, na zikipangwa kwa mfululizo zinaonyesha barabara inabadilika wapi. Havikuja kufuta mashimo ya majaribio. Vinakuambia mashimo machache unayoyamudu uyachimbe wapi.

2. Nina macho na nina uzoefu. Kwa nini nisiamue kwa kukagua tu?

Kwa sababu nyufa zilezile zinaweza kuwa na vyanzo viwili visivyofanana, na tiba zake zimepishana sana kwa bei.

Chanzo cha kwanza ni jua. Bitumeni iliyo juu kabisa hukauka na kuwa ngumu mwaka hadi mwaka, inapoteza unyumbufu, kisha inapasuka kuanzia juu kwenda chini. Utafiti uliofanywa kwenye barabara za nchi za joto umeonyesha kwamba nyufa za namna hii ni za kawaida sana huku kwetu. Chini yake msingi unaweza kuwa mzima kabisa. Barabara hiyo inataka kuzibwa nyufa na kufunikwa kabla mvua haijapenya, basi.

Chanzo cha pili ni msingi au udongo uliolegea. Lami inabonyea kila lori likipita, inachoka, inapasuka. Ukiifunika hiyo kwa tabaka jembamba, umenunua mwaka mmoja au miwili ya sura nzuri, kisha nyufa zinaibuka palepale.

Ukisimama juu ya lami, barabara hizi mbili zinafanana. Ukiipiga kila moja kwa mtambo wa kupima mbonyeo, ya kwanza hubonyea kidogo na ya pili hubonyea sana. Fedha nyingi za matengenezo hupotea katika pengo hilo: kuchimba barabara iliyohitaji kufunikwa tu, na kuifunika iliyohitaji kuchimbwa. Kama ungepaswa kukumbuka jibu moja katika ukurasa huu, ningependa liwe hili.

3. Wananchi wanalalamika: mbona mnapima badala ya kuziba mashimo?

Wana haki. Shimo linalovunja springi za daladala lizibwe leo, hilo ni tengenezo la kawaida na halihitaji kipimo chochote. Upimaji unahusu matengenezo ya muda maalumu, yaani pale unapotaka kuweka tabaka jipya, kukwangua lami au kujenga upya kilomita kadhaa.

4. Je, vifaa hivi vinaiumiza barabara?

Hapana. Pigo la mtambo wa kudondosha uzito linalingana na tairi la lori zito linalopita mara moja. Rada na leza haziigusi lami kabisa. DCP, koni inayopigwa ardhini kwa nyundo, ndiyo inayoacha kitobo (tazama swali la 9).

## Vifaa na kazi zake

5. FWD ni nini, na inapimaje?

FWD, mtambo wa kudondosha uzito, kwa kawaida ni trela ndogo inayovutwa na gari. Ikifika kwenye pointi inasimama, inashusha sahani ya duara yenye kipenyo cha milimita 300, kisha uzito unadondoka na kupiga sahani kupitia raba nene zinazolainisha pigo. Pigo hudumu milisekunde 25 hadi 30, karibu na muda ambao tairi linalokimbia huikandamiza lami. Nguvu inayotumika mara nyingi ni kilonyutoni 40, nusu ya ekseli sanifu ya kilonyutoni 80. Wengine hutumia 50.

Geofoni, yaani vihisi vya mtikisiko, 7 hadi 9 zimepangwa kwenye mstari kuanzia katikati ya sahani hadi umbali wa mita 1.5 au 1.8. Kila moja inaandika lami imeshuka kiasi gani kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Pigo la kwanza ni la kuikalisha sahani vizuri na halihesabiwi. Pointi moja huchukua dakika moja hadi mbili.

Upo pia mtambo mkubwa zaidi, TSD, lori lenye leza linalopima mbonyeo likiwa linatembea hadi kilomita 80 kwa saa. Afrika Kusini wameutumia. Unafaa kwa mtandao wa maelfu ya kilomita. Kwa barabara moja ya wilaya ni kutumia bunduki kuua mbu.

6. Boriti ya Benkelman bado ina maana siku hizi?

Ina maana, tena kubwa kuliko wauzaji wa mitambo wanavyopenda kukiri. A. C. Benkelman aliibuni Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ncha ya boriti ndefu inaingizwa kati ya matairi mawili ya nyuma ya lori lililopakiwa, lori linaondoka polepole, na fundi anasoma kwenye saa ya kipimo lami imeinuka kiasi gani.

Ubaya wake ni kwamba inatoa hasa namba moja, ule mbonyeo mkubwa wa katikati, wala haikupi umbo zima la bakuli linalojadiliwa kwenye swali la 15. Mzigo nao ni wa polepole, kwa hiyo lami inabonyea zaidi kuliko kwa FWD. Ndiyo maana huwezi kuweka majibu ya vifaa hivi viwili kwenye jedwali moja bila kwanza kuvipima pamoja kwenye barabara ileile. Uzuri wake ni kwamba karakana yoyote nzuri inaitengeneza, na fundi makini anajifunza kuitumia kwa siku chache. Masharti mawili tu yasipuuzwe: ekseli ya nyuma ipimwe kwenye mizani kabla ya kazi, na upepo wa matairi uwe ule uliopangwa. Lori lililopakiwa kwa kukadiria kwa macho litakupa namba za kukadiria.

7. Rada ya kupenya ardhini inaona nini chini ya lami?

Inaona mipaka. Rada, GPR kwa kifupi, inatuma mawimbi ya redio chini, na kila yanapofika mahali tabaka moja linapokutana na jingine, sehemu ya mawimbi inarudi. Muda wa kurudi ndio unaokokotolewa kuwa unene. Antena za gigahezi 1 hadi 2 huonyesha takriban nusu mita ya juu, ambayo ndiyo lami na msingi.

Maji yanajitangaza yenyewe. Kipimo cha umeme ambacho mawimbi haya yanakifuata ni kama 4 hadi 8 kwa lami kavu, na karibu 80 kwa maji, kwa hiyo msingi uliolowa unang'aa kwenye picha. Vivyo hivyo lami ambayo kokoto zimeachana na bitumeni ndani kwa ndani, na mapango yanayojificha pembeni ya kalavati.

Rada pekee haiwezi kukupa unene wa kuandika kwenye mkataba. Lazima utoboe sampuli chache za lami ili kurekebisha hesabu yake. Na kuna ardhi inayoinyima nguvu: udongo wa mfinyanzi na ardhi yenye chumvi humeza mawimbi. Pwani, karibu na mikoko au mashamba ya chumvi, usitarajie kuona mbali.

8. IRI ni nini, na simu yangu inaweza kuipima?

IRI ni kipimo cha kimataifa cha mirusho ya barabara, kwa mita kwa kilomita. Kilitokana na majaribio yaliyofanyika Brazil mwaka 1982 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Sifuri ni uso uliolala kabisa. Lami mpya nzuri huwa karibu na 2. Ikipita 4 au 5 abiria anaanza kusema.

Kifaa rahisi kinachofahamika Afrika ni Merlin, fremu yenye gurudumu moja la mbele inayosukumwa kwa mkono na kusomwa mara 200 kwa kila sehemu inayopimwa. Taasisi zenye uwezo hutumia gari lenye leza. Simu nayo inaweza, kupitia kihisi chake cha mtikisiko, ila majibu yanategemea gari, mwendo, upepo wa matairi na jinsi simu ilivyofungwa. Ukitumia gari lilelile, kwa mwendo uleule, na ukailinganisha kwanza na Merlin kwenye vipande vichache, itakutosha kupanga barabara katika nzuri, wastani na mbaya. Zaidi ya hapo usiidai.

Jambo ambalo vitabu vya nje havilisisitizi: matuta. Barabara zetu zinazopita vijijini zina matuta na rasta kila penye shule, na kila moja linapandisha IRI ya kipande kizima. Andika mahali yalipo na uyatoe kwenye hesabu, la sivyo utatengeneza barabara nzima isiyo na ubaya wowote.

Na IRI haisemi chochote kuhusu nguvu. Barabara inaweza kuwa laini kama kioo huku udongo wa chini umeoza, na nyingine ikarusha kwa sababu ya viraka vibaya tu.

9. DCP nayo ni kifaa kisichoharibu?

Nusu nusu. Ni nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575 na kusukuma koni ya kipenyo cha milimita 20 ardhini. Unahesabu milimita kwa kila pigo na kupata makadirio ya CBR, kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo: milimita 5 kwa pigo ni CBR ya karibu 55, milimita 20 ni karibu 13. Lazima lami itobolewe kwanza na kitobo kizibwe vizuri baadaye. Lakini ukilinganisha na shimo la majaribio ni kitu kidogo mno, na ni rafiki mkubwa wa FWD: mtambo unakuambia pana udhaifu, DCP inakuambia uko kwenye kina gani.

10. Vipi kuhusu utelezi?

Utelezi unapimwa kwa pendulumu yenye raba kwenye uso uliolowekwa maji, na ukwaruzo wa uso kwa kumwaga mchanga wa ujazo unaojulikana, kuusambaza kwa duara na kupima kipenyo. Fanya hivyo kwenye kona, mizunguko na miteremko, na popote bitumeni ilipopanda juu ikang'aa.

## Kupanga siku ya kupima

11. Nipime kila baada ya mita ngapi?

Kwa kutaka kujua hali ya mtandao mzima, kila mita 200 hadi 500 inatosha. Kwa barabara inayosanifiwa tengenezo, kila mita 50 hadi 100, ukibadilishana upande wa kwenda na wa kurudi, kwenye njia ya tairi la nje. Njia ya nje ndiyo iliyo karibu na bega la barabara, maji huingilia hapo, na kwa kawaida ndiyo dhaifu zaidi. Ongeza pointi penye kalavati, penye maungio ya tuta na mchimbo, na pale macho yako yalipotilia shaka.

12. Msimu gani ni mzuri?

Mara baada ya mvua, udongo ungali na maji. Kwa Pwani na Kaskazini ni mwishoni mwa masika, kuelekea Juni. Kwa Kanda ya Kati na Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua ni ya msimu mmoja, ni Aprili na Mei. Kipimo cha Septemba huko Dodoma kitakusifia barabara ambayo Februari haiwezi kubeba lori. Ratiba ikikulazimisha kiangazi, angalau rudia vipande vichache baada ya mvua upate kujua tofauti.

13. Joto la lami lina athari gani?

Kwa lami nzito yenye unene wa sentimita kadhaa, ni kubwa. Saa sita mchana uso wa lami unaweza kukaribia nyuzi 60, bitumeni inalegea, na mbonyeo wa katikati unaongezeka bila msingi kuwa na tatizo. Pima joto ndani ya lami, kwenye kitobo kidogo kilichotiwa mafuta, kila baada ya saa moja au mbili, na rekebisha majibu kwenda joto moja la rejea. Nchi nyingi zinatumia nyuzi 20. Kwenye joto letu ni busara kutumia rejea iliyo karibu na hali halisi, mradi isemwe wazi. Kwa lami nyepesi, ambayo ni tabaka moja au mawili ya kokoto zilizonyunyiziwa bitumeni, joto halibadilishi mengi.

14. Magari yatasimamishwa?

Upande mmoja, kwa dakika chache kila pointi. Weka koni, alama za tahadhari mapema na washika bendera wawili wenye redio. Barabara ya malori kama ya Morogoro ipimwe alfajiri.

## Kusoma majibu na kuamua

15. "Bakuli la mbonyeo" linasomwaje?

Lami ikipigwa inashuka kwa umbo la bakuli pana: kina kirefu katikati, kikipungua kadiri unavyokwenda mbali. Geofoni ya katikati inahisi matabaka yote kwa pamoja. Zilizo mbali zinahisi udongo wa chini tu, kwa sababu mzigo unatawanyika kadiri unavyoshuka. Kwa hiyo ukitoa namba ya mbali kutoka ile ya karibu unabaki na habari za tabaka fulani.

Utoaji unaotumika sana ni wa mara tatu. Katikati kutoa milimita 300 ni lami na sehemu ya juu ya msingi. Milimita 300 kutoa 600 ni matabaka ya kati. Milimita 600 kutoa 900 ni chini, udongo wa tuta. Kwa barabara zenye msingi wa kokoto na pigo la kilonyutoni 40, wahandisi wa Afrika Kusini hutumia mipaka hii: mbonyeo wa katikati chini ya mikroni 500 ni salama, juu ya 750 ni mbaya. Tofauti ya kwanza chini ya 200 salama, juu ya 400 mbaya. Ya pili 100 na 200. Ya tatu 50 na 100. Kilicho katikati ni onyo. Tumia mipaka hii kama pa kuanzia, kwa sababu msingi uliochanganywa saruji una mipaka yake (swali la 20).

16. Nina pointi mia mbili zinazopanda na kushuka. Nazifanyaje?

Zigawe vipande vinavyofanana. Njia rahisi inayofanyika hata kwenye jedwali la kompyuta: tafuta wastani wa pointi zote, toa wastani huo kwenye kila pointi, kisha jumlisha tofauti hizo mfululizo kutoka kilomita ya kwanza hadi ya mwisho na uchore mstari. Mstari unapogeuka mwelekeo ndipo kipande kipya kinapoanzia. Mara nyingi utakuta mgeuko umeangukia mpaka wa mikataba ya zamani au mahali machimbo ya kifusi yalipobadilika.

Kwa kila kipande usisanifu kwa wastani, kwa maana nusu ya barabara ni dhaifu kuliko hapo. Chukua thamani ambayo asilimia 85 au 90 ya pointi haziizidi.

17. Programu imenipa uimara wa kila tabaka. Niamini?

Amini kwa kadiri ulivyoamini unene uliouingiza. Programu hukisia uimara wa matabaka mpaka bakuli lililokokotolewa lifanane na lililopimwa. Ukikosea unene wa lami kwa asilimia 10, uimara wake unaweza kukosewa kwa theluthi nzima au zaidi. Na lami ikiwa nyembamba kuliko milimita 50 hivi, programu haina cha kushika.

Hapo ndipo sehemu kubwa ya barabara zetu ilipo. Lami nyepesi ni koti la mvua: inazuia maji, haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na msingi. Kwa barabara hizi zile tofauti tatu za swali la 15, zikithibitishwa na DCP, ni za kweli kuliko kurasa kumi za modulasi, yaani namba hizo za uimara. Ripoti inayotoa uimara wa lami nyepesi hadi desimali ya pili inastahili kurudishwa kwa aliyeiandika.

18. Nipe mfano wa namba zikigeuka kuwa uamuzi.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, barabara ya kilomita 12, yote ina nyufa, na pendekezo lililo mezani ni tabaka jipya la milimita 50 mwanzo hadi mwisho.

Kipande A, kilomita 5: mbonyeo wa katikati 380, IRI 5.2. Nguvu ipo, sura haipo. Ziba nyufa, sawazisha kwa tabaka jembamba. Milimita 50 hapa ni anasa.

Kipande B, kilomita 4: katikati 790, tofauti ya kwanza 460, ya pili 170, ya tatu 45. Udongo wa chini mzima, ugonjwa uko juu. DCP ikithibitisha kwamba ni msingi, vunja lami pamoja na msingi, changanya upya na kokoto au saruji kidogo, shindilia, weka lami. Milimita 50 juu ya msingi huo ingepasuka mapema.

Kipande C, kilomita 3: katikati 810, kisha 260, 210 na 130. Udhaifu uko chini kabisa. Ukitembea kwa miguu unakuta mtaro umefukiwa na bega limeota nyasi juu kuliko lami, maji hayana pa kwenda. Fungua mitaro kwanza, shusha mabega, ngoja msimu upite, upime tena. Huenda mbonyeo ukashuka kiasi cha kuhitaji kidogo tu.

Pendekezo la awali lilikuwa na tiba moja kwa magonjwa matatu, na halikufaa hata kipande kimoja.

19. Malori yaliyozidisha mzigo yanaingiaje kwenye hesabu?

Mbonyeo unakuambia barabara iko wapi leo; idadi na uzito wa ekseli zinakuambia imebakiza muda gani. Uharibifu hukua kwa kipeo cha 4 hadi 4.5 cha uzito wa ekseli, kanuni iliyotokana na majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, huko Illinois, 1958 hadi 1960. Ekseli moja yenye matairi manne inaruhusiwa tani 10 kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Ukitumia kipeo cha 4.5, hiyo tayari ni sawa na ekseli sanifu mbili na nusu za tani 8.16. Ekseli ya tani 12 ni karibu sita. Takwimu za mizani ziombwe pamoja na takwimu za mbonyeo. Moja bila nyingine ni nusu ya hesabu.

## Kesi ngumu

20. Mbonyeo ni mdogo sana lakini barabara imejaa nyufa. Kipimo kimekosea?

Si lazima. Kwanza fikiria jua (swali la 2). Pili, uliza kama msingi ulichanganywa saruji. Msingi wa saruji unabaki mgumu hadi unapokatika vipande, na ukipima katikati ya kipande utapata namba nzuri. Pima karibu na ufa, sahani upande mmoja na geofoni upande wa pili. Kisha toboa sampuli juu ya ufa wenyewe: ufa ukiishia juu ni uzee wa bitumeni, ukianzia chini ni kazi nyingine kabisa.

21. Barabara inapita kwenye udongo wa mbuga. FWD itanionyesha?

Itaonyesha ulaini wakati wa mvua. Haitaonyesha tatizo kubwa la udongo ule mweusi, ambalo ni kuvimba na kusinyaa. Kiangazi mbonyeo unaweza kuwa wa kupendeza huku barabara imejikunja mawimbi na nyufa ndefu zinafuata bega. Hapa IRI na ramani ya nyufa vina uzito kuliko mbonyeo, na tiba iko kwenye kuzuia unyevu usibadilikebadilike pembeni.

22. Mafuriko yamepita juu ya lami. Lini niruhusu malori?

Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Pale palipokatika kila mtu anapaona. Hatari iko kwenye lami iliyobaki nzima jirani yake, juu ya tuta lililolowa au lililoliwa kwa chini. Pitisha rada pembeni mwa makalavati na madaraja kutafuta mapango. Kisha pima mbonyeo pointi zilezile kila baada ya siku chache. Ukiwa unaendelea kushuka, maji yanatoka. Magari madogo yapite, malori yasubiri hadi namba zitulie. Lori moja zito juu ya msingi uliojaa maji linaweza kuharibu kuliko mafuriko yenyewe.

23. Kwenye mlima matairi yamechimba mabonde, lakini FWD inasema nguvu ipo.

Zote mbili ni kweli. Kwenye miinuko kama Kitonga, na karibu na mizani, malori hutambaa kwenye lami ya moto na mchanganyiko wenyewe unasukumika pembeni. Udongo na msingi hawana hatia. Dalili ni lami kuvimba kingo za bonde. Kwangua lami hiyo uweke mchanganyiko mgumu zaidi. Ukifunika juu yake, bonde litarudi.

24. Naweza kutumia vipimo hivi kupokea lami mpya kwa mkandarasi?

Unaweza, na ni vizuri. Kamera ya joto wakati wa kutandaza inaonyesha sehemu zilizopoa: tofauti ya nyuzi 14 au zaidi kati ya sehemu na sehemu ni dalili kwamba ushindiliaji hautalingana, na mashimo ya baadaye yataanzia hapo. Kipima msongamano cha nyuklia hutumia vyanzo vya mionzi, kwa hiyo Tanzania kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki, na hakiachwi kwenye pikapu usiku. Vipo vya umeme visivyo na mionzi, ila maji ya rola huvidanganya. Futa uso kwanza. Vyote virekebishwe kwa sampuli zilizotobolewa. Malipo yafuate sampuli, kamera ikuonyeshe uzitoboe wapi.

25. Halmashauri yangu haina fedha za FWD. Nianze na nini?

Anza na miguu, kipindi cha mvua, ukiandika mitaro iliyoziba, mabega yaliyopanda, nyufa na mabonde kwa kila mita 100. Ongeza Merlin au simu iliyolinganishwa, kisha DCP kila mita 500 na kila penye shaka. Ukipata lori na boriti ya Benkelman, umekaribia kabisa majibu ya swali la 18.

FWD ikodishwe pale tu uamuzi wenyewe ni ghali kuliko kipimo, yaani kilomita nyingi za kuchimba na kujenga upya. Kwa kodi hiyo ungana na halmashauri jirani: gharama kubwa ni kuusafirisha mtambo na timu yake, na ukishafika mkoani siku ya tatu ni rahisi kuliko ya kwanza. Katika hati ya kazi dai upewe data ghafi za kila pointi pamoja na viwianishi vyake, joto na tarehe. Bila hizo, atakayepima baada ya miaka mitano hatakuwa na cha kulinganisha.